Malalamiko Dhidi ya Mpishi Anayewanenepesha Watoto wa Wafadhili

Shule ya Jamii ya Upepo,
Nyuma ya Machimbo ya Mawe,
Kitengela.

Jumatano, 13 Oktoba 2004

Kwa Bi. Virginia Nyaguthii,
Mratibu wa Miradi,
Shirika la Jirani wa Mbali,
Nairobi.

Kwako Bi. Mratibu, kwa heshima zote unazostahili na nyingine za akiba,

KUH: MPISHI NASERIAN, NA KWA NINI HATUKUPATA PICHA ZA HUZUNI

Natumai ile malaria iliyokuzuia kufika kwetu mwezi wa Julai imekuachia. Sisi huku tu wazima, tena wazima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika barua yako umeniuliza swali moja. Ilikuwaje wageni wetu kutoka ng'ambo, yaani Bwana Mwenyekiti wa wafadhili na Bi. Margit wa kamera, wakakaa shuleni kwetu kutwa nzima ya Ijumaa ile, kisha wakarudi kwao bila picha hata moja ya huzuni? Umesema kalenda ya mwaka ujao imekwama kwa mpiga chapa kwa sababu Januari haina mtoto wa kulia. Umesema pia kwamba wakubwa wameanza kuulizana kama shule yetu bado inastahili kuitwa ya watoto wasiojiweza. Ukanipa wiki mbili nijieleze, la sivyo msaada utaelekezwa kwingine.

Najieleza. Kosa si langu. Kosa ni la mtu mmoja, mpishi wetu Naserian, ambaye watoto wote humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, hata wale Wakamba ambao mama zao wako hai na wanaona wivu. Naomba aondolewe kabla ya muhula ujao. Nimeyapanga makosa yake kwa nambari ili usomapo usichoke, na ili nami niandikapo nisipandwe na hasira.

1. Analisha watoto kupita kiasi.

Naserian alikuja hapa mwaka wa 2000, kile kiangazi kilichomaliza ng'ombe. Alikuwa mjane asiyebakiwa na hata mbuzi, na alikuja kuomba maji ya kunywa. Siku hiyo mpishi wetu wa wakati ule alikuwa ameunguza githeri ya mahindi na maharagwe mpaka moshi ukaingia darasani. Naserian alikunywa maji, akanusa hewa, akaingia jikoni, akautoa mwiko mkononi mwa mwenyewe. Mwiko huo hajaurudisha hadi leo. Mimi sikumwajiri. Nilimkuta tu.

Tangu hapo hatuna amani. Maji ya kuoshea vyombo, ambayo shule yoyote yenye adabu huyamwaga, yeye aliyachimbia mfereji yakaenda kwenye sukuma wiki. Kila Alhamisi anashika njia ya soko la Kitengela na gunia tupu, anawasalimia akina mama mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, na anarudi na gunia limejaa avokado zilizoiva kupita kuuzika. Mwenye bucha humwekea mifupa. Nilimwendea huyo mwenye bucha nikamuuliza kwa nini mimi, Mwalimu Mkuu, hajawahi kuniwekea hata ukwato. Akanijibu, "Mwalimu, wewe hujawahi kuniuliza mguu wangu unaendeleaje."

Matokeo yake ni haya. Mnajua ule utepe wenu wa kupimia mikono ya watoto, wenye kijani, manjano na nyekundu. Mwaka ule wa kiangazi tulikuwa na watoto thelathini na mmoja kwenye nyekundu, na ripoti yangu ilisifiwa sana kule kwenu. Mwaka huu hatuna hata mmoja. Watoto wa darasa la kwanza wanafikiri ile sehemu nyekundu ni urembo.

Siku ya wageni, Bi. Margit aliomba mtoto mmoja tu, mwembamba. Nilimtembeza darasa la kwanza hadi la saba nikiinama dawati kwa dawati kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Mwishowe tukampata Mumo wa darasa la tatu, ambaye wembamba wake ni wa ukoo. Baba yake, Maweu, mkata mawe, ukimtazama kwa ubavu unaweza kumkosa. Tukamsimamisha ukutani. Kwa bahati mbaya, Mumo alikuwa na nusu ya avokado mkononi.

"Mumo, weka hiyo kitu chini," nikamwambia kwa upole.

"Nikiiweka chini, Mwalimu, Gideon ataikula."

Bi. Margit akachuchumaa, akamuuliza kwa Kiswahili alichojifunza ndani ya ndege, "Wewe, njaa?"

Mumo alifikiri kwanza, maana ni mtoto mkweli. "Hapana, nimeshiba. Lakini kama uko na ingine naweza kula."

Picha hiyo ipo. Mumo anacheka, na meno yake ni ya kijani. Haifai kwa Januari, wala sioni mwezi mwingine wa kuipokea.

2. Anashona.

Kwa wiki tatu kabla ya ziara niliwasisitizia wanafunzi waje jinsi walivyo, nikimaanisha jinsi walivyokuwa zamani. Niliwaeleza kwamba sweta ikichanika kwenye kiwiko iachwe, kwani kiwiko nacho kinahitaji hewa. Naserian alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Jumanne akakusanya sweta zote. Ijumaa asubuhi akazirudisha, kila moja imetiwa viraka, na viraka vyenyewe amevikata kwenye shuka nyekundu ya marehemu mumewe. Shule nzima ikapanga mstari mbele ya wageni ikiwa na viwiko vyekundu. Bwana Mwenyekiti akauliza kama hiyo ndiyo sare yetu mpya, na akaisifu.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

3. Alialika wazazi walio hai.

Nilikuwa nimetunga wimbo wa kuwapokea wageni, wenye beti nne, na kiitikio chake kinasema: "Sisi yatima wa Upepo, hatuna baba, hatuna mama." Nilijua fika kwamba hilo si kweli kwa kila mtoto, lakini wimbo hauna nafasi ya kueleza hali ya kila nyumba. Ungepita vizuri kabisa kama wazazi wangekaa makwao nilivyopanga. Kumbe Naserian alikuwa amewaalika wote. Wakata mawe walitoka machimboni na vumbi bado nyweleni. Akina mama walikuja kutoka mabomani na shanga zao za sikukuu. Wakakaa safu za mbele, nilizokuwa nimeziwekea wageni.

Watoto walipofika kwenye kiitikio, Munyiva, mama yake Mumo, alisimama.

"Mwalimu Kimanzi," akasema, "mimi nilikufa lini? Na mbona hakuna mtu aliniambia?"

Mumewe, Maweu, akamvuta nguo akae, lakini naye akawa na swali lake. "Ngojeni kwanza. Kama mama Mumo alikufa, yule amenipikia jana ni nani?"

Mwalimu Evalyne wa darasa la nne ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa sababu wewe ulikuwa mgonjwa. Evalyne ni binti mwaminifu mno. Alitafsiri yote, hata yale niliyokuwa nikimkonyezea ayaache. Bwana Mwenyekiti alicheka mpaka akaomba kiti. Watoto nao, walipoona mambo ni mazuri, waliurudia wimbo wote kuanzia mwanzo, wakiimba "tuko na baba, tuko na mama," kwa makofi na kuruka. Wimbo niliousumbukia mwezi mzima uliharibiwa na furaha.

4. Alitoroka kazini siku tatu.

Hili lilitokea kabla ya ziara, mwezi wa Mei, nami sikulitaja katika ripoti kwa sababu sikuwa na hakika liko chini ya kichwa kipi.

Tuna msichana wa darasa la saba, Nalangu, mwenye miaka kumi na mitatu. Muhula wa kwanza aliongoza darasa. Jumatatu moja hakuja. Mwalimu Evalyne akasikia kwa wenzake kwamba baba yake, mzee Parsaoti, amekwisha kukubaliana na mtu mmoja wa upande wa Isinya, mwenye lori la kubeba mawe, na kwamba Jumamosi Nalangu atachukuliwa awe mke wa mtu huyo. Mambo hayo sheria inayakataza, na mimi nilichukua hatua zote zinazotakiwa. Nilimwandikia chifu barua, nikatoa nakala mbili, moja nikaiweka kwenye faili, kisha nikangoja jibu. Jibu lilifika Julai, likiniomba nieleze zaidi.

Naserian hakuandika, maana hajui kuandika. Alitundika aprini yake msumarini, akaondoka kwa miguu kuelekea boma la Parsaoti kule mbugani, mwendo wa saa mbili, bila kuomba ruhusa. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na mama yake Nalangu.

Anasema Naserian alifika akasalimia vizuri, "Sopa," akaitikiwa, "Ipa," akaketi kando ya mlango wa boma. Hakupiga kelele. Parsaoti alipomuuliza amekuja kufanya nini, alisema, "Nimekuja kungojea mtoto wangu." Jioni alisaidia kukamua. Asubuhi alikwenda kuteka maji na wanawake wa pale, akafagia zizi kama mtu wa nyumba hiyo. Siku ya pili Parsaoti alimwambia arudi kwake. Alijibu kwamba hana ng'ombe wa kumwita nyumbani, kwa hiyo hana haraka.

Siku ya tatu, alasiri, Parsaoti alikuwa amekaa na wazee wa rika lake wakinywa chai. Naserian akaja akasimama mbele yao.

"Parsaoti," akasema, "ule mwaka wa kiangazi, ng'ombe zako zikilala chini zisiamke, ni nani alikuwa anakupatia uji?"

"Ni mama ya watoto."

"Na yeye alikuwa anautoa wapi?"

Parsaoti alimgeukia mkewe, aliyekuwa akimimina chai. Mkewe naye aliinamisha kichwa.

"Nalangu alikuwa darasa la tatu," Naserian akaendelea. "Kila siku anakuja kwangu na mkebe. Mimi nampimia uji wake, ananiambia, 'Yeyo, nitakunywa kwa njia.' Siku moja nikamfuata nyuma. Hakunywa. Alitembea na hiyo mkebe mpaka hapa, akampatia mama yake, mama yake akakupatia. Huyo mtoto alikuwa analala na njaa ndio wewe uamke. Sasa unampeana kwa mtu ambaye hata hajui anapenda kula nini."

Wazee waliweka vikombe chini. Parsaoti aliinuka, akaenda kusimama katikati ya ng'ombe wake wachache waliobaki, akakaa huko hadi giza likaingia. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake asubuhi alimleta Nalangu shuleni yeye mwenyewe, akitangulia mbele, amebeba mkoba wa binti yake begani. Naserian alikuwa nyuma yao. Parsaoti aliingia ofisini kwangu, akavua kofia.

"Huyu hapa," akasema. "Nilikuwa sijui."

Nikampa fomu ya mwanafunzi anayerudi baada ya utoro. Aliweka dole gumba.

Malalamiko yangu hapa ni kwamba kwa siku tatu hizo jiko liliachiwa Mwalimu Evalyne, ambaye ana diploma. Ugali wake tuliwatupia mbwa wa machimboni. Waliunusa, wakatutazama, wakaondoka.

5. Aliharibu ushuhuda.

Hapa, Bi. Mratibu, ndipo penye kiini cha barua yako, na naomba unisome kwa subira, kwa kuwa nami nimeliandika hili mara tatu.

Fomu yenu ya ziara ina kisanduku kilichoandikwa: "Ushuhuda wa msichana aliyeokolewa, dakika tano, pamoja na picha." Sikukibuni mimi. Nilifikiri, basi, Mungu ametuletea Nalangu kwa wakati unaofaa. Nikamwandikia hotuba ya ukurasa mmoja na nusu. Ilieleza alivyoteseka na jinsi baba yake alivyotaka kumtoa, na mahali pawili niliandika kwa penseli pembeni: hapa alie kidogo. Nilimpa siku moja kabla ya wageni. Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake jikoni.

Siku yenyewe, Mwalimu Evalyne alipotangaza ushuhuda, hakuja Nalangu. Alikuja Naserian, na mwiko wake, unga mpaka viwikoni.

"Mwalimu, umemwambia huyu mtoto aseme nini?"

"Yaliyompata, Mama."

"Na wewe ni nani amekuambia yaliyompata?"

Nilimvuta kando. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba ni kwa manufaa ya shule, kwamba watoto mia mbili na kumi na wawili wanakula kwa sababu ya picha kama hizo, na kwamba tukiwanyima wageni picha, nao watatunyima cha kutia sufuriani.

"Najua ni wangapi," akasema. "Mimi ndiye napakua. Sasa angalia safu ya pili."

Nikaangalia. Kwenye safu ya pili alikuwa amekaa Parsaoti. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono yake mifupi, na alikuwa ameketi wima sana, kama mtu anayeogopa kulikunja. Alikuwa akitutazama.

"Huyo alimrudisha mtoto mbele ya rika lake," Naserian akasema. "Ilimgharimu. Wengine hawamsalimii mpaka leo. Unataka mtoto wake asimame hapa amtukane mbele ya wageni, halafu waipige picha, halafu watu waiweke kwa ukuta mwaka mzima? Huyo akitoka hapa leo, hatarudi tena. Na wale wengine wako na wasichana wataambiana."

Nilikohoa.

"Muulize mtoto mwenyewe anataka kuonyesha nini," akasema.

Ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria, Bi. Mratibu, na nalitaja kama sehemu ya malalamiko. Nikamuuliza. Nalangu akasema anataka kuwaonyesha wageni jinsi ya kugawanya sehemu kwa sehemu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ubao ulitolewa nje ukaegemezwa ukutani. Nalangu aliandika robo tatu, akaigawanya kwa theluthi mbili, akaeleza hatua kwa hatua. Kisha akaandika nyingine, akamkabidhi Bwana Mwenyekiti chaki. Bwana Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao huo muda mrefu. Alijaribu. Akakosea.

"Umesahau kugeuza ile ya pili," Nalangu akamwambia, na Evalyne akatafsiri.

Watoto wakampigia makofi ya kumtia moyo, kama tunavyowafanyia wa darasa la kwanza. Alirudia, akapata. Mzee Parsaoti hajui sehemu wala hajui kuzigeuza, lakini alimwona bintiye akimsahihisha mzee mwenye mvi aliyevuka bahari. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akasahau kuketi.

Hapo palikuwa na picha, siwezi kukataa. Lakini Bi. Margit alikuwa ameiweka kamera chini kwenye nyasi. Alikuwa akiifanya hesabu ile kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu.

6. Aliwatumikisha wageni.

Baada ya hapo Bwana Mwenyekiti aliomba kuona jiko. Alipewa mwiko asonge ugali wa shule nzima. Alisonga mpaka shati likamgandia mgongoni. Naserian alimwambia jambo fulani kwa Kimaasai, watoto wakaanguka kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwalimu Evalyne alikataa kutafsiri. Bi. Margit alikata sukuma wiki. Alizikata kubwa, akaambiwa arudie, akarudia. Wakala nasi, kwa mkono, wakiwa wamekaa kwenye benchi la jikoni. Kamera ilikaa juu ya rafu karibu na chumvi mpaka saa kumi na moja, dereva alipoikumbuka.

Ndiyo sababu picha hakuna.

Sasa tuyatazame mambo kwa utulivu. Hapa Kitengela tunaishi kwa mawe. Kila mtu anajua kwamba machimbo yakiisha mawe hufungwa, na waliokuwa wakiyakata huhama. Sisi mawe yetu ni ufukara wa watoto. Umetujengea shule hii, umetuwekea bango langoni, umenipa mimi kiti chenye magurudumu. Na huyu mama anauchimba ufukara huo kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri, anaumaliza, wala hapumziki Jumamosi.

Serikali ilipofungua shule zake bila karo mwaka jana, nilitegemea wanafunzi wetu wangepungua na wangebaki wale wa huzuni kabisa. Waliongezeka. Nilipowauliza wazazi kwa nini, waliniambia, "Ni Yeyo." Kwa mwendo huu, Nalangu atafaulu. Akifaulu, wadogo zake watamwiga. Mumo akinenepa, Mungu apishe mbali, ukoo mzima wa Maweu utabadilika sura. Kufikia mwaka wa 2010 tutakuwa shule ya watoto wasiojiweza isiyo na hata mtoto mmoja asiyejiweza, na mimi nitakuwa Mwalimu Mkuu wa kitu gani?

Kwa hiyo naomba:

(a) Naserian ahamishwe mahali ambapo makosa yake hayatamdhuru mtu. Napendekeza ile mitaa ya wenye uwezo kule Laiser Hill, ambako watoto ni wa duara tayari.

(b) Tuletewe mpishi wa uwezo wa kawaida, mwenye kuunguza githeri walau mara mbili kwa wiki.

(c) Kama hayo mawili ni magumu, basi kalenda ichapwe na miezi kumi na mmoja.

Nisalimie Bwana Mwenyekiti, umwambie mkono ukimuuma bado aukande kwa maji ya chumvi. Nisalimie Bi. Margit, sukuma wiki zake ziliiva hatimaye. Msalimie dereva, na yule askari wa lango la ofisi yenu ambaye kila nikija huniuliza nimetoka wapi, na karani wa mapokezi, na wote walio chini ya paa hilo. Walimu wanakusalimu. Watoto wanakusalimu. Hata mshtakiwa anakusalimu. Amesikia naandikia Nairobi, akasema nikuulize kama malaria imeisha na kama unakula.

Ni mimi, mtumishi wa wasiojiweza, maadamu bado wapo,

Kimanzi Nzuki,
Mwalimu Mkuu.

Baada ya sahihi. Ijumaa asubuhi.

Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii, naingojea gari la Nairobi, nilipoitwa langoni. Nimeifungua tena, ndiyo maana bahasha ina gundi mara mbili.

Walikuwa wasichana watatu. Mkubwa labda ana miaka kumi na minne. Mdogo kabisa alikuwa amevaa kiatu kimoja. Wametembea kutoka ng'ambo ya Isinya tangu jana adhuhuri. Waliinamisha vichwa niwaguse, kwa heshima, nikawagusa, nikawaambia karibuni, mimi ndiye Mwalimu Mkuu. Mkubwa akanishukuru kwa Kimaasai, "Ashe, papa," kisha akachungulia nyuma yangu. "Tunatafuta mama anaitwa Naserian. Tumeambiwa yeye hapigi mtu picha."

Bi. Virginia, sijui waliambiwa na nani. Sijui habari kama hiyo hutembeaje maili zote hizo bila gari. Bango letu walilipita kama kichaka.

Tafadhali futa nambari ya kwanza hadi ya sita. Futa (a) na (b). Ukimhamisha, itabidi unihamishe na mimi, niende nikachote maji huko atakakokuwa. Waambie wakubwa kwamba shule hii inawahitaji kuliko wakati wowote, na kwamba picha za kuwapa hatuna, wala hatutakuwa nazo. Kama hilo haliwezekani kwao, tutaelewa, na tutawapikia siku wakija kuaga.

Kama linawezekana, naomba magodoro matatu. Naserian anasema niandike manne.

Wasichana wamelala ofisini kwangu, juu ya mapazia. Haya nayaandikia nje, karatasi ikiwa juu ya goti. Majina yao bado siyajui. Nilikuwa nimeshika fomu tayari, lakini Naserian amesema tuwaache walale.

K.N.